Marehemu Kombe Chengo na Ghala la Mwadzimba

Marehemu Kombe Chengo alizaliwa tarehe 3 Machi 1971 katika kijiji cha Mwadzimba, nyika ya Kinango, Kaunti ya Kwale. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Chengo Mwero na Mama Umazi, ambao wote wawili wametutangulia. Alizaliwa nyumbani, mikononi mwa bibi yetu, na masika yalikuwa bado hayajaanza. Nalitaja hili la masika kwa sababu mama alilitaja kila alipopata wa kumsikiliza. Alidai kwamba mtoto aliyezaliwa watu wakingoja mvua hawezi kutulia, atakuwa mtu wa kutazama mawingu na kupiga hesabu. Marehemu alikuwa na wadogo wawili: mimi Kache, ninayewasomea karatasi hii, na marehemu Fondo, ambaye nitamweleza baada ya muda mfupi.

Familia ilipokaa Jumatano kupanga mazishi, nilidhani kazi hii atapewa mmoja wa watoto, maana wamesoma na wana sauti nzuri. Wifi yangu Judy, mke wa marehemu, alikataa. Alisema, "Aandike Kache. Yeye amebishana naye maisha yake yote, kwa hiyo ndiye anayemjua." Ni kweli. Kaka yangu alikuwa mtu wa mipango ya serikali, mimi ni mfanyabiashara wa mbuzi na nafaka. Hatukuwahi kula chakula kimoja bila kulirudia neno lile lile: je, watu wa nyika walishwe na mpango au walishwe na soko? Wageni waliotukuta tunabishana walidhani ni ugomvi wa urithi, na kuna waliotuaga kabla ya chai kuletwa.

Ubishi huo ulianzia kwenye kaburi, na ni lile pale upande wa mkwaju, la Fondo. Mwaka 1984 mvua haikunyesha kabisa. Kombe alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi, Fondo minne. Baba aliwaswaga mbuzi wetu hadi kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na mahindi, na kila mtu wa nyika alikuwa amekwenda huko huko na mbuzi wake. Mbuzi walipowazidi wanunuzi, bei yao ikaanguka. Mahindi yalipogombaniwa, bei yake ikapaa. Baba alirudi bila mbuzi, na mahindi aliyoyabeba yalibebeka kwa mkono mmoja. Yalipokwisha, akasikia kwamba ghala la serikali limejaa. Alimchukua Kombe wakaenda kwa miguu. Mlinzi wa pale hakuwa mtu mbaya, aliwapa hata maji. Aliwaambia, "Mahindi yapo, wazee wangu, lakini kibali cha kuyagawa hakijatoka." Watu walilala nje ya lile ghala wakiwasikia panya wanakula ndani.

Fondo alifariki tarehe 19 Oktoba mwaka huo, homa imemkuta mwili hauna kitu. Kibali kilitoka Novemba.

Kuanzia hapo mimi na kaka yangu tuligawanyika. Kombe alisema aliyemuua Fondo ni bei. Kama mahindi ya yule mfanyabiashara yangegawanywa kwa mpango, kila nyumba ingepata, na nyumba yetu pia. Mimi nilisema aliyemuua Fondo ni kufuli. Yule mfanyabiashara angalau aliuza; serikali ilikuwa na chakula tele na haikuuza wala haikugawa. Tulikuwa watoto, lakini kila mmoja alishika lake na akakua nalo. Mama alitunyamazisha kwa kibao, siku ya pili tukaanza tena. Jambo ambalo hatukulibishania ni moja tu, nalo ndilo Kombe aliloishi kwa ajili yake: kwamba asife tena mtoto wa Mwadzimba kwa njaa ilhali chakula kipo karibu naye.

Marehemu alianza masomo katika shule ya msingi ya hapa kijijini mwaka 1978. Mwaka wa njaa ulimrudisha nyuma darasa moja, lakini mwaka 1986 alifanya mtihani wa mwisho na kupita vizuri, akajiunga na sekondari ya bweni huko Matuga. Mwaka 1992 alichaguliwa kwenda chuo kikuu Nairobi kusomea uchumi, akahitimu mwaka 1996. Alikuwa kijana wa kwanza wa Mwadzimba kuvaa joho. Baba aliuza fahali kumsindikiza, na aliporudi na ile shahada, wazee walimwomba awaeleze amesomea nini. Akaeleza kwa muda mrefu na kwa ufasaha. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo, mwanangu, umesomea jinsi ya kugawa?" Kombe akajibu kwamba ndiyo. Mzee akasema, "Basi usisahau kujifunza na jinsi ya kupata." Kombe alicheka pamoja nao, ila usiku huo aliniambia kwamba wazee hawakumwelewa. Nilimjibu kwamba walimwelewa sana.

Mwaka 1997 aliajiriwa na serikali kuwa afisa msaidizi wa mipango. Alifanya kazi Tana River na Taita, akarejeshwa Kwale mwaka 2003, na hapa ndipo alipotumika mpaka mwisho. Ugatuzi ulipokuja mwaka 2013 alihamia serikali ya kaunti katika kazi ile ile. Wenzake wa ofisini wamejaa hapa leo, na wanajua kwamba hakuwahi kupokea mkono wa mtu chini ya meza. Wanajua pia kwamba alikuwa mgumu. Akishapanga, amepanga, na ukimletea sababu ya kubadilisha alikuomba uilete kwa maandishi. Nyumbani aliwapangia wanawe zamu za kuosha vyombo, akazibandika mlangoni mwa jiko, na jina lake mwenyewe lilikuwemo siku za Jumapili. Nakiri kwamba Jumapili aliviosha.

Kabla ya kuendelea na kazi yake, nitaje ndoa yake. Alimuoa Judy, mwalimu wa shule ya msingi na binti wa mkulima wa Mkongani, tarehe 12 Desemba 1998, kanisani huko huko Mkongani. Upande wetu tulipokwenda kutoa mahari, marehemu alituaibisha kidogo. Wazee walipotulia kuanza mazungumzo, alitoa mpango wa miaka mitano alioupiga chapa: mwaka wa kwanza mbuzi hawa, mwaka wa pili pombe ya wazee na kanga, mwaka wa tatu tathmini. Baba mkwe, aliyekuwa mtu wa maneno machache, aliusoma wote hadi chini. Kisha akasema, "Mwanangu, nimeona mwaka wa tatu ni tathmini. Unamtathmini binti yangu, au mbuzi?" Banda zima liliangua kicheko. Ilibidi shangazi zetu waingie kati, wabishane bei kama wabishanavyo watu, na jioni mambo yakaisha. Judy ananiambia kwamba ile karatasi bado anayo, na kwamba tathmini haikufanyika. Waliishi pamoja miaka ishirini na sita, kwa amani ambayo mimi mwenyewe sikuijaliwa. Mungu aliwapa watoto watatu. Wa kwanza ni Chengo, jina la babu yake, na wa pili ni Umazi, jina la bibi yake. Wa tatu alipozaliwa, Kombe alinipigia simu akashindwa kusema. Alisema tu, "Ni wa kiume," nikajua ataitwa Fondo.

Sasa nije kwenye soko letu, maana wengi wenu mmetoka huko asubuhi hii.

Mwaka 2005 marehemu alifanikiwa kupata fedha za kujenga soko la mifugo na nafaka hapa Mwadzimba. Lilijengwa vizuri. Lilikuwa na paa, mazizi ya saruji, hori la maji na mzani. Aliamini kwamba watu wakiuza mbuzi wao mahali pamoja, penye mzani na mbele ya macho ya serikali, hakuna atakayepunjwa kama alivyopunjwa baba yetu. Siku ya soko ikapangwa kuwa Jumanne, ili wanunuzi kutoka Ukunda na Msambweni waweze kufika, na magari ya hoteli za Diani na Galu yabebe nyama kabla ya wikendi. Siku ya ufunguzi watu walijaa, wakala pilau. Jumanne iliyofuata alikuja chifu na mbuzi wake watatu. Ile iliyofuata, mbuzi wa chifu walikuja na mchungaji tu.

Kombe alikasirika sana. Aliniambia watu wa nyika hawataki maendeleo, na kwamba ni sisi wafanyabiashara tuliowaharibu. Wakati huo sisi tulikuwa tunauza vizuri kabisa vichakani, mwendo wa nusu saa kutoka kwenye lile paa lake. Siku moja alinifuata huko, na shati lake jeupe la ofisini, miiba imemshika.

"Kache, mbona mnauza juani na nimewajengea soko?"

"Kwanza waamkie wazee shikamoo," nilimwambia. Akawaamkia. Kisha nikamuuliza, "Kaka, leo ni siku gani?"

"Leo Alhamisi."

"Sikukuuliza ya kalenda."

Alisimama pale akahesabu kwa vidole, mtoto wa Mzee Chengo, aliyelelewa hapa hapa. Mwisho akasema polepole, "Leo ni jumwa."

Kwa ajili ya wageni wetu: wiki ya wazee wetu ni ya siku nne, na jumwa ndiyo siku ambayo jembe hupumzika. Siku nyingine watu wako kwenye mwerya, wanalimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na anayeuacha mwerya akaenda kuuza mbuzi amewatupa majirani zake. Jumanne ya serikali huangukia jumwa mara moja moja tu. Siku nyingi zilizobaki alikuwa anawaita watu waache mashamba ya wenzao. Afisa wa mipango kutoka mbali angesamehewa. Kombe aliyajua haya tangu akinyonya, akayasahau alipofika kwenye karatasi. Alikaa chini kwenye vumbi na shati lake jeupe. Mzee mmoja akamtania, "Bwana serikali, tulidhani umetujengea mnara wa kuangalia ndege."

Nilitegemea atakubali sasa kwamba soko hujipanga lenyewe. Hakukubali hata kidogo. Alisema, sawa, wauzaji wana siku yao, lakini wanunuzi wa pwani wanaishi kwa wiki ya siku saba, nani atawakutanisha? Sisi hatukuweza. Tulikuwa tukiuziana wenyewe kwa wenyewe, na mnunuzi wa mbali alitupata kwa kubahatisha. Kombe alitengeneza kalenda ya mwaka mzima, kila tarehe ya jumwa imetiwa rangi nyekundu, akaipeleka kila bucha na kila jiko la hoteli kuanzia Ukunda hadi Shimoni. Mpaka leo wapishi wa Galu, vijana wa kutoka bara, wanaulizana "jumwa ni lini?" bila kujua neno lenyewe lina maana gani. Tulihamia chini ya lile paa. Mbuzi walipanda bei, na hapo nilinyamaza.

Halafu ukaja ukame wa mwaka 2011. Mahindi yakapaa. Kombe, aliyekuwa hajausahau mzigo ule wa baba wa mkono mmoja, alipata amri ya kuweka kikomo cha bei katika soko letu. Alikisimamisha kibao mlangoni kwa mikono yake. Abdalla, mfanyabiashara wa nafaka kutoka Msambweni, ambaye leo ameketi pale mbele pamoja nasi, alifika na lori lake. Alishuka, akakisoma kibao, akaomba maji ya kunywa.

"Bwana Kombe," alisema, "bei hii ameiandika aliyenunua mahindi?"

"Imeandikwa kwa ajili ya wananchi, Bwana Abdalla."

"Inshallah itawafaa. Lakini mimi nimenunua zaidi ya hivi huko Lunga Lunga, na dizeli sijaihesabu. Basi nakwenda zangu Samburu. Tuombeane."

Akageuza lori. Kwa siku za soko zilizofuata palikuwa na paa, mzani na kibao, mahindi hayakuwepo. Akina mama wa mbali walifika na vikapu, wakakaa mpaka jua likapungua, wakarudi navyo. Kombe aliyaona hayo kwa macho yake. Asubuhi moja alikwenda akaking'oa kile kibao, peke yake, watu wakimtazama. Hakuna aliyemcheka. Hata mimi, niliyekuwa nimesubiri miaka mingi kumwona ameshindwa, sikupata ladha yoyote.

Jumwa iliyofuata Abdalla alirudi, na wengine nyuma yake, na mimi pia nililijaza banda langu. Mahindi yalikuwepo kwa bei iliyokuwepo. Niliyauza yangu yote kabla ya adhuhuri. Saa nane hivi kaka yangu alikuja akakaa juu ya gunia tupu.

"Yamekuja mahindi," nilimwambia.

"Yamekuja. Twende ukaone na vikapu."

Tulikwenda hadi kwenye njia inayotoka sokoni kuelekea vijiji vya mbali. Tulisimama pale tukiwatazama wanaotoka. Wengine walikuwa na mizigo kichwani, wakitusalimu kwa furaha. Wengine walitusalimu vilevile, kwa adabu ile ile, na vikapu vyao vilikuwa vimekunjwa kwapani. Nilimwona mwanamke mmoja na mtoto mgongoni, rika la Fondo. Nililia. Sisemi kwamba nilifanya kosa kuuza kwa bei ile, maana nami nilikuwa nimenunua. Nasema kwamba nililia. Tulirudi sokoni, akachukua pishi mbili kutoka kwa Abdalla kwa pesa yake, na vijana wakamkimbilia yule mama njiani.

Tangu siku hiyo ubishi wetu ulibadilika sauti. Hatukuacha kubishana, ila sasa tulibishana kama watu wanaojenga nyumba moja na kila mmoja ana upande wake wa kushika. Kutoka hapo ndipo lilipozaliwa ghala la Mwadzimba. Wazo la Kombe lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulipitisha. Kaunti ijaze ghala mavuno yakiwa mengi, inunue kwa wakulima na kwa wafanyabiashara kwa bei ya soko, isimlazimishe mtu. Biashara iendelee, bei iachwe. Lakini bei ya pishi moja ikivuka kiwango kilichokubaliwa, ghala lifunguke siku hiyo hiyo, liuze kwa kiasi, na asiye na uwezo apewe. Kuhusu nani wa kulifungua, Kombe alisema ni kamati ya watu watano wa hapa hapa, bila kupiga simu kwa yeyote na bila kungoja karatasi.

Hapo ndipo wakubwa walipomkatalia. Naambiwa kwamba katika kikao kimoja mkubwa wake alisema ufunguo wa mali ya umma hauwezi kulala kijijini. Kombe, ambaye hakuwahi kupaza sauti ofisini, alisimama akajibu, "Bwana mkubwa, ufunguo ukilala mjini, wenye njaa watalala nje. Nimewahi kulala huko." Alinyimwa cheo mara mbili kwa ajili ya jambo hilo. Judy alimwambia aache, watoto wanahitaji karo. Hakuacha. Mwaka 2017 ghala lilifunguliwa, na kamati ikachaguliwa kwa masharti aliyoyataka.

Njaa ya mwaka 2022 mnaikumbuka wote. Misimu ilipita bila mvua, ng'ombe walikufa mpaka tukachoka kuwafukia. Bei ilipovuka kiwango, kamati ilifungua ghala asubuhi hiyo hiyo. Mimi niliona bei yangu inashuka mbele ya macho yangu, nikampigia simu kwa hasira.

"Kaka, mmeniharibia siku."

"Umeshindwa kuuza?"

"Nauza, lakini faida imekonda."

"Basi ikonde," alisema. "Bora ikonde hiyo."

Abdalla hakugeuza lori mara hii. Aliendelea kuja, kwa sababu faida ilikuwepo, ndogo lakini ipo. Ghala peke yake lisingetosha watu wote, na malori peke yake yasingewafikia wasio na kitu. Kwa pamoja yalitosha. Wapo waliodhoofika, wapo waliouza kila walichokuwa nacho, na sitaki mtu aandike kwamba tulishiba. Ila mwaka ule katika kata yetu hatukumzika mtoto kwa njaa. Kombe alikwenda nyumba kwa nyumba, na wauguzi wa zahanati, mpaka akathibitisha. Aliporudi alikaa pale kwenye kaburi la Fondo mpaka Judy alipokwenda kumwita.

Mwezi Septemba 2024 marehemu alianza kulalamika kwamba chakula kinamkwama. Alipimwa, na hospitali huko Mombasa ikaona ni saratani ya koo. Alitibiwa kwa mionzi na kwa dawa, akapata nafuu kidogo wakati wa Krismasi, akala wali wa nazi kwa taabu na kwa furaha kubwa. Kufikia Machi alikuwa hawezi kumeza hata uji. Jambo hili limenichoma na sitalificha: mtu aliyetumia maisha yake yote ili watu wapate kula, akaishia kulishwa kwa mpira. Nilimkasirikia Mungu, na padri anajua kwamba nilimwambia hivyo. Kombe mwenyewe hakukasirika. Judy aliacha kufundisha ili amuuguze, na wale watoto walipeana zamu za usiku bila kubandikiwa kitu mlangoni.

Mwishoni mwa Mei nilikwenda kumwona. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. Nilidhani nimchokoze kama zamani, apate nguvu. Nikamwambia, "Kaka, kabla hujanichosha na huku kulala, tumalize. Ilikuwa bei au ilikuwa kufuli?"

Nikainamisha sikio.

"Wote wawili walikuwa nayo, Kache," alisema. "Yule alikuwa na mahindi. Na wale walikuwa na mahindi."

Alipumzika, akaendelea. "Miaka arobaini tumebishana nani mbaya. Fondo alikuwa na njaa tu."

Nilimshika mkono, tukakaa.

Marehemu Kombe Chengo alifariki nyumbani kwake hapa Mwadzimba, asubuhi ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Judy alikuwa naye. Mwanawe mdogo Fondo, aliye kidato cha tatu, alikuwa ameingia kumwamkia baba yake.

Limebaki jambo moja la kuwaeleza. Leo Jumamosi ni jumwa. Kwa desturi yetu, mtu mkubwa akizikwa, soko la kijiji hufungwa. Juzi Alhamisi wazee walikuja kumwambia Judy kwamba wameafikiana: siku ya mazishi soko na ghala vifungwe, kwa heshima ya marehemu. Mimi niliitikia kwa kichwa. Mfanyabiashara mzima, nilikubali soko lifungwe, kwa sababu sikuona heshima nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Judy alikuwa amekaa mkekani na kaniki yake. Aliinua uso akasema, "Shikamooni, wazee wangu. Nawashukuru kwa kumpenda mume wangu. Lakini masika ya mwaka huu mmeyaona yalivyokuja haba. Kesho kutwa kuna mwenzangu atatoka mbali na mtoto mgongoni, afike akute pamefungwa. Akiuliza, ataambiwa ni kwa sababu ya Kombe. Nawaomba sana, jina la mume wangu lisitumike kuwafungia watu chakula."

Hakuna mzee aliyempinga. Ndiyo maana viti vile vya nyuma havijajaa, na ndiyo maana wenzetu wanaingia kwa makundi, wengine na mizigo kichwani. Tusiwatazame vibaya. Wamekuja kumzika kwa namna aliyoitaka.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Judy Kombe, na watoto watatu: Chengo, Umazi na Fondo. Ameacha mkwe mmoja na mjukuu mmoja. Ameacha dada mmoja, mimi Kache. Ameacha shangazi, wajomba, wifi na shemeji wa Mkongani, wenzake wa kazi, rafiki yake Abdalla na jamaa wa Msambweni, kamati ya ghala na watu wote wa Mwadzimba.

Tukishamfukia kaka yangu, mwenye kuhitaji mahindi aende akanunue. Asiye na cha kununulia aende vilevile, kamati iko pale, haitamuuliza kibali. Mungu ampokee Kombe, ampe raha, na amkutanishe na mdogo wetu.